Wezi waliolalamika kuibiwa

Unaanzisha kampuni gerejini. Unabuni gemu, unaajiri watu, wakaguzi wanakusifu, fedha zinaingia. Halafu zinaanza kukauka. Ujumbe unakujia kwenye skrini: bosi, wengi wanaicheza gemu yetu mpya, ila wanapakua nakala za wizi badala ya kununua, tukienda hivi tutafilisika. Na kweli mnafilisika, hata ufanye nini.

Hiyo ni Game Dev Tycoon, gemu ya kuigiza biashara ya kutengeneza gemu. Kuanzia Aprili 2013 iliuzwa kwenye duka la mtandaoni la watengenezaji wake, Greenheart Games, kampuni ya ndugu wawili, Patrick na Daniel Klug. Aliyelipa dola 7.99 hakuuona ujumbe huo. Walitegewa wasiolipa.

Kilichoninasa mimi ni jinsi mtego wenyewe ulivyotegwa. Dakika chache baada ya kufungua duka lao mtandaoni, Patrick Klug alikwenda mwenyewe kwenye tovuti ya torenti na kuipandisha gemu yake, akijifanya haramia aliyevunja kufuli. Maelezo aliyaandika kwa lahaja ya maharamia ili wasimshtukie, kisha akaiacha kompyuta yake iwagawie watu. Alijua wangeiba tu. Basi na waibe ile aliyowaandalia. Awali, anasema, waliwaza kuweka tangazo la kumwambia mchezaji kwamba nakala yake si halali. Wakaona ni afadhali wamshikie kioo.

Hesabu ya siku ya kwanza aliitoa hadharani. Kati ya wachezaji 3,318, walionunua walikuwa 214. Waliobaki, 3,104, yaani asilimia 93.6, walikuwa na nakala ya bure. Na hao ni wale tu ambao kompyuta zao zilituma taarifa. Waliocheza bila intaneti hawamo.

Kisha vikaanza vilio. Wenye nakala za wizi walijitokeza mtandaoni kuomba msaada. Mmoja alisikitika kwamba watu wanaiba mno gemu zake na wanamwangamiza. Mwingine aliuliza kama anaweza, humo ndani ya gemu, kugharimia utafiti wa kufuli la kuzuia kunakili. Klug anasimulia kwamba kama mcheza gemu aliangua kicheko. Kama mtengenezaji aliyehangaika zaidi ya mwaka bila kujilipa mshahara, alitaka kulia.

Kufuli! Gemu halisi haikuwa nalo hata moja. Mnunuzi aliruhusiwa kuiweka kwenye kompyuta tatu, iwe Windows, Mac au Linux, bila kusumbuliwa. Dawa waliyoililia wezi ndiyo ile ambayo mwenye mali hakutaka kuwanywesha wateja wake.

Klug aliwaonya: siku mkijiuliza zimekwenda wapi gemu za namna hii, na kwa nini zimebaki zile za kuwakamua fedha kila hatua, jitazameni. Fungua simu yako leo uone sarafu unazodaiwa kabla hujavuka ngazi ya tatu. Ila sidhani lawama yote ni ya maharamia; biashara ya kukamua ina faida yake hata pasipo mwizi.

Na je, wale 3,104, wangapi wangelipa kama wizi usingewezekana? Sisi tuliokulia vibandani, kwenye diski za kunakili zilizouzwa peupe, tunajua kwamba asiye na kadi ya benki wala dola nane hageuki mteja kwa kufungiwa mlango. Lakini mwenye kadi naye? Tena kisa hiki kiliandikwa kila mahali, na kuanzia Agosti mwaka huohuo gemu ikauzwa kwenye Steam, duka la gemu la mtandaoni. Sehemu gani ya mauzo yale ililetwa na wizi wenyewe, hakuna wa kuipima.

Toleo la simu lilipotoka miaka kadhaa baadaye, uharamia uliwekwa humo kama ngazi ya hiari, kwa wanaotaka mchezo mgumu zaidi. Hao wanaulipia.