Urefu Ulio Kipaji na Urefu Ulio Dalili: Kumchunguza Kijana Mrefu Kabla ya Kikapu cha Kulipwa

Usiku wa tarehe 26 Juni 2014, katika ukumbi wa Barclays Center huko Brooklyn, kamishna wa Ligi ya Kikapu ya Marekani (NBA), Adam Silver, alisimamisha kwa muda shughuli ya uteuzi wa wachezaji wapya. Majina 15 yalikuwa yamekwisha kutajwa. Kabla ya kutaja la 16, alimwita jukwaani Isaiah Austin, kijana wa miaka 20 kutoka Chuo Kikuu cha Baylor, Texas, mwenye urefu wa mita 2.16. Hakuna timu iliyokuwa imemchagua. Ligi yenyewe ilimteua kwa heshima. Siku chache tu kabla ya usiku huo, vipimo vilikuwa vimeonyesha kwamba ana ugonjwa wa Marfan, na madaktari wakamshauri aache mchezo.

Waliomtazama waliona ndoto iliyokatika. Mimi, kwa kuwa kazi yangu ni moyo, niliona pia uchunguzi uliotimiza wajibu wake: kijana aliondoka ukumbini kwa miguu yake mwenyewe.

Jambo hili halituhusu kwa mbali. Mwaka 2009, Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam mwenye urefu wa mita 2.21, aliteuliwa wa pili katika shughuli hiyohiyo na timu ya Memphis Grizzlies. Tangu hapo, kila anapoonekana kijana njorinjori mtaani au shuleni, hakosi mtu wa kumwambia acheze kikapu. Ushauri huo ni mwema. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kuuliza kwanza: urefu huu umetoka wapi?

Wanachotafuta madaktari wa timu

Kila mwaka, wiki kadhaa kabla ya uteuzi, vijana wanaotarajiwa kuchaguliwa hukusanywa Chicago. Makocha hupima kimo bila viatu, upana wa mikono iliyonyooshwa, uzito, kasi na uwezo wa kuruka. Pembeni, mbali na kamera, madaktari huuliza historia ya ukoo, hupima umeme wa moyo, huutazama moyo kwa mawimbi ya sauti (kipimo cha eko), na kupiga picha za magoti na nyayo. Tangu makubaliano ya kazi ya mwaka 2023 kati ya ligi na chama cha wachezaji, aliyealikwa huko anapaswa kushiriki uchunguzi huo. Kwa Austin, kilichoanzisha msururu wa vipimo ni mchoro wa umeme wa moyo ambao haukuwa sawa; kipimo cha vinasaba kikafuata na kuthibitisha.

Kwa wachezaji wa katikati, wale warefu kuliko wote, madaktari hukaza macho mahali patatu: mshipa mkuu wa moyo, mifupa ya mguu, na tezi inayosimamia ukuaji.

Mshipa mkuu: adui aliyejificha ndani ya kipaji

Ugonjwa wa Marfan umepewa jina la daktari wa watoto wa Paris, Antoine Marfan, aliyeueleza mwaka 1896. Hutokana na hitilafu katika kinasaba kinachoitwa FBN1, ambacho huelekeza utengenezaji wa fibrilini, protini inayozipa tishu uimara na mnyumbuko. Hukadiriwa kumpata mtu 1 kati ya watu 5,000 hivi. Mzazi mwenye ugonjwa huu ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kumrithisha kila mtoto. Takriban robo ya wagonjwa huwa wa kwanza katika ukoo wao.

Fibrilini inapokuwa dhaifu, mifupa hurefuka, viungo hulegea, na vidole huwa virefu na vyembamba. Hayo yote kocha huyaona kuwa neema. Lakini udhaifu huohuo umo katika ukuta wa aota, mshipa unaotoka moyoni kupeleka damu mwilini. Ukuta hutanuka polepole bila maumivu, kisha siku moja huchanika.

Flo Hyman, Mmarekani mwenye urefu wa mita 1.96, alikuwa nyota wa timu ya mpira wa wavu iliyopata medali ya fedha katika Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984. Tarehe 24 Januari 1986, akicheza katika mji wa Matsue, Japani, alitolewa uwanjani kupumzika kama kawaida, akaketi kwenye benchi, akaanguka na kufariki. Alikuwa na miaka 31. Uchunguzi wa mwili ulionyesha aota iliyochanika kwa sababu ya Marfan ambayo haikuwahi kutambuliwa. Baadaye kaka yake alipimwa, akakutwa na ugonjwa huohuo, akafanyiwa upasuaji kwa wakati. Kifo kimoja kilimwokoa mwingine. Ingekuwa heri kama kipimo kimoja kingewaokoa wote wawili.

“Ni mrefu, ndiyo maana”

Kauli hiyo ndiyo ninayoiogopa kuliko zote katika kliniki. Aota ikionekana pana, husemwa kwamba mwenyewe ni mrefu, kwa hiyo ni kawaida. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walichapisha mwaka 2016 matokeo ya eko za wachezaji 526 wa NBA. Waliona kwamba upana wa shina la aota huongezeka kadiri mwili unavyokuwa mkubwa, lakini kwa walio warefu kupindukia ongezeko hilo hufikia kikomo. Waliokuwa na milimita 40 au zaidi hawakufika hata 5 katika kila 100, ingawa wastani wa urefu wa kundi lote ulikuwa mita 2 hivi.

Fundisho ni hili: urefu huongeza upana wa aota kwa kiasi kidogo tu. Kijana wa mita 2.10 mwenye shina la aota la milimita 44 hajapata maelezo kwa kuambiwa kwamba ni mrefu. Anahitaji uchunguzi.

Futi ya fundi na maswali machache

Miaka michache iliyopita mama mmoja aliniletea mwanawe wa miaka 17, aliyekuwa anasubiri kwenda kufanyiwa majaribio ng’ambo. Alihitaji cheti tu cha kuonyesha kwamba kijana ni mzima.

“Daktari, huyu hajaugua hata malaria mwaka mzima,” alisema.

“Nashukuru kusikia, mama. Baba yake yu hai?”

Alinyamaza kidogo. “Alianguka shambani akiwa na miaka 38. Walisema ni presha.”

“Naye alikuwa mrefu?”

“Kumzidi huyu.”

Kijana alikuwa amepitia vituo viwili vya afya kabla ya kufika kwangu, na vyote vilimpima uzito, presha na mkojo. Hakuna aliyeuliza habari za baba. Eko ilionyesha shina la aota la milimita 43. Hakupata cheti. Alipata dawa, ratiba ya kupimwa, na mazungumzo marefu yaliyomtoa machozi. Dada yake mdogo, ambaye hakuwa mrefu sana, alipimwa pia, naye akakutwa na dalili. Mpaka leo wote wawili wanahudhuria kliniki.

Nasimulia hayo kwa sababu hatua iliyofungua njia haikuhitaji mashine. Mhudumu wa zahanati anaweza kuifanya kwa futi ya fundi cherehani na stetoskopu:

1. Uliza kuhusu ukoo: kuna ndugu aliyefariki ghafla kabla ya miaka 50, aliyepasuliwa moyo, au aliyepoteza uwezo wa kuona akiwa kijana?

2. Pima upana wa mikono na ugawanye kwa kimo. Ukizidi 1.05, weka alama. Pima pia kutoka mfupa wa kinena hadi sakafuni. Sehemu ya juu ya mwili ikigawanywa kwa ya chini, kiwango cha kutia shaka kwa mtu mzima mweusi ni chini ya 0.78, wala si 0.85 kinachotumika kwa weupe. Kumbuka kwamba wachezaji wengi wazima wana mikono mirefu, hivyo kipimo hiki peke yake hakithibitishi kitu.

3. Mwambie akunje gumba ndani ya kiganja na kufumba ngumi: pingili yote ya mwisho ya gumba ikichomoza upande wa pili, ni dalili. Kisha aushike mkono mmoja kwa mwingine kwenye kiwiko cha kiganja: gumba likifunika ukucha wote wa kidole kidogo, ni dalili ya pili.

4. Tazama kifua kilichobonyea au kuchomoza, mgongo uliopinda, na nyayo bapa.

5. Uliza habari za macho: miwani mizito tangu utotoni, lenzi iliyohama, retina iliyobanduka. Austin alikuwa amepoteza jicho la kulia baada ya retina kubanduka. Tukio hilo lilihesabiwa kuwa ajali ya michezo, na huenda lilikuwa hivyo. Lakini jicho la namna hiyo katika mwili wa namna hiyo linastahili swali.

6. Sikiliza moyo. Mlio usio wa kawaida, ukiambatana na dalili nyingine, ni sababu tosha ya kumpeleka mgonjwa mahali penye eko, kama Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete au hospitali ya rufaa iliyo karibu.

Mguu na tezi

Katika uteuzi uleule wa 2014, Joel Embiid wa Kamerun alikuwa amefanyiwa upasuaji siku chache kabla, kwa ufa katika mfupa wa navikula, ulio katikati ya mguu. Timu ya Philadelphia ilimchagua wa tatu hata hivyo. Alikaa nje misimu miwili mizima. Mwaka 2023 alitangazwa mchezaji bora wa ligi. Yao Ming wa China, mwenye urefu wa mita 2.29, hakupata bahati hiyo: mivunjiko ya mguu ilimstaafisha mwaka 2011 akiwa na miaka 30.

Mfupa wa navikula hupata damu kidogo katikati yake, na picha ya kawaida ya eksirei inaweza kuuonyesha mzima wakati una ufa. Kijana mrefu anayelalamika maumivu ya juu ya unyayo, yanayokuja na mazoezi na kuondoka kwa mapumziko, asipewe dawa ya kuchua tu na kurudishwa uwanjani. Apumzishwe, atafutiwe picha ya CT au MRI. Hatari huzidi kwa aliyeanza mazoezi makali kwa ghafla.

Kuhusu tezi, Gheorghe Mureșan wa Romania, aliyecheza NBA akiwa na mita 2.31, alirefuka kwa sababu ya uvimbe katika tezi ya pituitari. Kijana anayewazidi mno wazazi wake wote wawili, anayebadilisha viatu kila miezi michache, anayeumwa kichwa na kupungukiwa na uwezo wa kuona pembeni, apimwe homoni ya ukuaji.

Siri ni ya mgonjwa

Uchunguzi wa aina hii una mtihani wake. Mwaka 2005, timu ya Chicago Bulls ilimtaka mchezaji wake mrefu, Eddy Curry, apimwe vinasaba kwa hofu ya ugonjwa wa misuli ya moyo. Alikataa, akahamishiwa timu nyingine. Timu ilihofia kifo uwanjani. Mchezaji alihofia kwamba karatasi moja ingemfungia riziki maisha yake yote. Hofu zote mbili zina haki. Kwetu sisi kanuni ni moja: majibu humfikia kwanza mgonjwa, au mzazi wake akiwa mtoto, wala si kocha, mwalimu au wakala.

Kwa kijana na mzazi

Ugonjwa wa Marfan si hukumu ya kifo. Dawa za kupunguza nguvu ya mapigo, eko ya mara kwa mara, na upasuaji wa kubadilisha shina la aota, kwa kawaida linapofika milimita 50, vimewapa wagonjwa wengi maisha marefu. Mazoezi mepesi kama kutembea kwa kawaida huruhusiwa. Michezo ya kugongana na kunyanyua vitu vizito huepukwa. Maumivu makali ya ghafla ya kifua yanayochanika kuelekea mgongoni ni dharura: hospitali, saa hiyohiyo.

Mwishoni mwa 2016, baada ya vipimo vya mara kwa mara kuonyesha moyo wake umetulia, madaktari walimruhusu Isaiah Austin kucheza tena, naye akaenda Serbia. Si kila mgonjwa atapata ruhusa hiyo, na wengi hawapaswi kuipata. Lakini yeye aliweza kungoja miaka ile miwili kwa sababu kuna aliyempima kwa wakati. Mfupa uliovunjika hungoja kuungwa. Aota iliyochanika haingoji.