Tusimwadhibu kinyaunyau kabla ya kumpa mchanga

Mwulize mwanafunzi yeyote wa shule ya msingi mtoto wa paka huitwaje, naye atakujibu pasi na kusita kuwa huitwa kinyaunyau. Atakuongezea bila kuombwa shibli wa simba, kilebu wa mbwa na ndama wa ng'ombe. Majina hayo tumeyakariri na kutahiniwa kwayo. Lakini kulijua jina ni jambo moja, na kumlea mwenye jina ni jambo la pili. Mimi nimelifundisha neno hilo miaka mingi, na sikulielewa vyema hadi mwaka 2019 kinyaunyau mmoja aliponigeuza mimi kuwa mwanafunzi.

Makao yetu wakati huo yalikuwa ghorofa ya tatu katika mtaa mmoja wa mashariki mwa Nairobi. Tulikuwa na paka watatu: Sultani, dume lenye kifua kipana na majivuno yasiyo kifani, Pilipili, dadake, na Bibi, paka mkongwe asiyependa makelele. Wote watatu walitumia beseni moja la mchanga lililowekwa msalani, nyuma ya mlango, wala hatukuwahi kulalamika. Ndipo jirani aliyekuwa akihama alipotuachia kinyaunyau wa wiki nane hivi, mweusi ti, asiyejaza kiganja. Binti yangu akamwita Njugu.

Haikupita wiki kabla nyumba haijabadilika harufu. Kwanza ilikuwa zulia, kisha mto wa kiti. Jioni moja nikakuta rundo la insha za Kidato cha Pili, nilizokuwa nimeziweka sakafuni ili nizisahihishe, limeloa chapachapa. Naacha msomaji apige picha ya mwalimu aliyesimama mbele ya darasa asubuhi yake, akiwaeleza wanafunzi arobaini kwa nini madaftari yao yanachekesha pua.

Nilifanya nilivyoshauriwa na waliojiita wajuzi. Nilimkamata Njugu shingoni, nikamsugua pua katika mkojo wake na kumchapa kofi. Nilifanya hivyo mara tatu. Matokeo yake ni kwamba Njugu aliacha kujisaidia mbele ya macho yangu, akaanza kujisaidia nyuma ya kabati la vitabu. Nami, kwa upumbavu wangu, nikadhani nimeshinda.

Mambo yalifika kilele mama mkwe alipotutembelea. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi mitano. Mama aliketi, akanusa, akanyamaza hadi chai ilipokwisha kikombeni. "Baba Neema," akasema, "mimi si wa kuingilia nyumba ya watu. Lakini nyumba hii inanuka na binti yangu ni mja mzito. Huyo mdogo aondoke." Niliinamisha kichwa nikajibu, "Nimekusikia, mama. Nipe hadi Jumapili." Gunia lilikuwa limekwisha kutafutwa. Sote twajua paka wanaotiwa magunini hupelekwa wapi: huachwa kando ya soko, wafe au wapone.

Usiku wa Alhamisi nilikesha nikisahihisha. Yapata saa kumi alfajiri, nyumba ikiwa kimya, Njugu alitoka chini ya kiti akaelekea msalani. Alifika nusu ya njia akasimama. Sultani alikuwa amejilaza kizingitini, mkia wake ukipiga sakafu taratibu. Hakunguruma wala hakuinua kucha, alimtazama tu. Njugu naye alimtazama, akageuka, akarudi nyuma ya kabati la vitabu.

Kalamu ilinidondoka. Nilikumbuka mwaka wangu wa kwanza katika shule ya bweni, tulipokuwa tukiitwa 'mono', na wanafunzi wakubwa waliokuwa wakisimama mlangoni mwa choo usiku. Hawakutupiga kila mara. Ilitosha kuwa walikuwa pale, nasi tukazunguka nyuma ya jikoni gizani. Asubuhi mwalimu wa zamu aliponusa aliyoyanusa, tuliochapwa ni sisi. Hakuna aliyeuliza ni nani aliyekuwa amesimama mlangoni.

Ama kwa hakika paka si mnyama mchafu. Asili yake ni paka-mwitu wa Afrika na Mashariki ya Kati, mnyama aliyezoea nchi kavu yenye udongo tifutifu. Ameishi karibu na binadamu kwa maelfu ya miaka: mwaka 2004 wanasayansi walieleza kuhusu kaburi la kale katika kisiwa cha Kipro ambamo paka alizikwa kando ya mtu yapata miaka 9,500 iliyopita. Muda huo wote hakuhitaji kufunzwa choo. Kinyaunyau akiwa mchanga kabisa, mamaye humlamba ili aweze kwenda haja. Akifikisha wiki tatu au nne hivi, huanza mwenyewe kutafuta mahali palipo laini, akachimba na kufukia. Sisi ndio tuliompandisha ghorofani, tukamzungushia saruji na vigae, tukamnyang'anya udongo, kisha tukamwita mkaidi.

Kwa hiyo swali la kumwuliza mlezi si jinsi ya kumwadhibu kinyaunyau, bali ni hili: je, mchanga upo, na njia ya kuufikia i wazi? Wajuzi wa tabia za paka hushauri kuwa idadi ya mabeseni izidi idadi ya paka kwa moja. Mwenye paka wanne atafute mabeseni matano. Najua mtu ataguna kuwa huo ni ubadhirifu. Lakini Wizara yetu ya Elimu yenyewe hupendekeza tundu moja la choo kwa kila wasichana 25 na moja kwa kila wavulana 30, kwa sababu inaelewa kuwa pasipotosha, anayekosa ni mdogo na mnyonge.

Aidha, mabeseni hayo yasipangwe pamoja kama viti vya mkutano. Mabeseni mawili yaliyo bega kwa bega, machoni pa paka, ni beseni moja, maana dume moja laweza kuyalinda yote. Yatawanywe pembe mbalimbali, mbali na chakula, mahali ambapo paka anaweza kuona anayekuja na akapata njia ya pili ya kutokea. Langu la pili nililiweka nyuma ya kiti cha sebuleni, la tatu roshani, la nne pembeni mwa chumba cha kulala na la tano karibu na kabati la vitabu, palepale Njugu alipopachagua mwenyewe.

Gharama je? Isimtishe mtu. Huko Marekani kwenyewe watu walitumia majivu na mchanga hadi mwaka 1947, Edward Lowe wa Michigan alipompa jirani yake chembechembe za udongo mkavu na baadaye akazifanya biashara. Mchanga wa ujenzi uliochekechwa na kuanikwa juani, ukajazwa kiasi cha vidole vitatu au vinne, unatosha kabisa. Beseni la kinyaunyau liwe na ukingo mfupi ili apande bila taabu. Mchanga usitiwe manukato. Yanayotupendeza sisi humkera yeye. Mchanga wa dukani ule unaogandamana ukipata maji usipewe kinyaunyau mdogo sana, kwani huweza kuulamba na kuumeza.

Kinyaunyau mgeni hutengwa kwanza katika chumba kimoja chenye chakula upande mmoja na beseni upande wa pili. Kila anapoamka, anapomaliza kula au kucheza, hubebwa polepole akawekwa mchangani, akaachwa. Hashikwi makucha kulazimishwa kuchimba. Akikosea, mchanga kidogo wenye harufu yake hutiwa katika beseni ili apatambue. Pale alipochafua paoshwe kwa sabuni yenye vimeng'enya, ambavyo huimaliza harufu yenyewe. Dawa za kusafishia zenye amonia hazifai, kwa kuwa harufu yake hufanana na ya mkojo nazo humwita arudi. Akishazoea chumba hicho, hapo ndipo hufunguliwa mlango akutane na wakubwa wake, nao pia wakaangaliwa wasimzibie njia.

Hofu ya mama mkwe nayo haikuwa ya bure. Kuna kimelea kiitwacho Toxoplasma gondii ambacho mayai yake hutoka katika kinyesi cha paka aliyeambukizwa. Mja mzito akikipata kwa mara ya kwanza wakati wa mimba, chaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, hasa macho na ubongo. Lakini mayai hayo hayaambukizi pindi yatokapo. Huhitaji siku moja hadi tano ili yakomae. Anayezoa kinyesi kila siku huikata njia ya ugonjwa kabla haijafunguka. Sasa tazama nilichokuwa nimekifanya kwa kofi langu: nilikiondoa kinyesi mahali ambapo ningekiona na kukizoa, nikakisukuma nyuma ya kabati kikae siku tano, kumi, au zaidi. Adhabu yangu ndiyo iliyoihatarisha mimba ile, wala si Njugu. Tangu siku hiyo kazi ya mabeseni ikawa yangu, asubuhi na jioni, kwa glavu na sabuni, na mke wangu hakuyagusa. Nyama tuliivisha barabara na mboga tukaziosha, kwa kuwa kimelea hicho hupitia huko pia.

Na lipo jambo jingine. Paka aliyekuwa akitumia beseni vizuri kisha akaacha ghafla yamkini ni mgonjwa. Dume linalochutama mara kwa mara na kujikamua bila kutoa mkojo huenda limeziba njia, na laweza kufa kwa muda mfupi. Huyo apelekwe kwa daktari wa mifugo siku iyo hiyo, asisubirishwe.

Jumapili ilifika. Njugu hakuwa amehitimu. Siku moja kabla alikuwa amekosea tena juu ya zulia. Lakini mama mkwe alimkuta akichimba mchanga nyuma ya kiti, vumbi likimrukia masharubu, akifukia kwa bidii ya mkulima. Alimtazama hadi akamaliza. "Kumbe anajua," akasema. Gunia tukalitilia mkaa. Kufikia mwisho wa wiki ya tatu nyumba ilikuwa imerudia harufu yake ya zamani, na mtoto aliyezaliwa miezi michache baadaye alizaliwa mzima.

Mwalimu mwenzangu, kiboko kilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, na bado wapo kati yetu wanaokililia. Sitaki kumlinganisha mtoto wa mtu na paka. Nasema tu kuwa mikono iliyomchapa Njugu ni hii hii inayoshika chaki, na kosa langu lilikuwa moja kotekote: niliona uchafu nikamtafuta mchafuzi, nisiitazame njia aliyopitia. Nawe mwanafunzi, ukipewa kinyaunyau, usianze kwa fimbo. Anza kwa beseni, kisha angalia ni nani amelala mlangoni.