Kijana Aombapo Uanagenzi kwa Mawakili

Wazazi wengi wa hapa Mombasa na miji mingine ya pwani wana watoto waliokwisha kupata shahada ya sheria, na baadhi yao hudhani kwamba karatasi hiyo ikishatundikwa ukutani, mtoto amekuwa wakili. Sivyo. Atakaye uwakili katika nchi ya Kenya, baada ya shahada, huingia Chuo cha Sheria cha Kenya kilichoko Karen, Nairobi. Husoma huko mwaka mmoja, hufanya mitihani ya Baraza la Elimu ya Sheria, tena hutumika miezi 6 chini ya wakili aliyefanya kazi hiyo kwa muda usiopungua miaka 5. Ndipo apatapo kuapishwa mbele ya Jaji Mkuu na jina lake kutiwa katika orodha ya mawakili.

Miezi hiyo 6 ndiyo tuiitayo hapa uanagenzi, na ndiyo tutakayo kuizungumza, kwa kuwa wakili wa kumpokea kijana hutafutwa na kijana mwenyewe. Asiyempata hukaa nyumbani na shahada yake, umri unakwenda, na mama yake akiulizwa na majirani hana la kusema. Tumewauliza mawakili kadha wa kadha watueleze wawatazamiavyo vijana wanaobisha milango yao, na tumewauliza pia vijana waliopokewa na waliorudishwa. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Kwanza ni wakati. Wengi hungoja mpaka masomo yaishe, kisha wote hutoka siku moja kama wasafiri walioshuka katika gari moshi, wakagombea milango ile ile. Afadhali kuandika mapema, miezi mingi kabla. Ofisi kubwa za Nairobi, zenye kushughulika na mabenki na makampuni, hupokea maombi kwa wakati wao maalumu, na nyingine huwapa waombaji mtihani wa kuandika. Ofisi ndogo ya mawakili wawili haina taratibu hizo, huko barua hupelekwa kwa mkono, na kijana apaswa kumwamkia karani kwa heshima sawa na ile amwamkiayo wakili, maana karani ndiye ataulizwa baadaye, "Yule kijana alikuwaje?" Wala ofisi za mawakili wa kujitegemea si njia pekee. Ofisi ya Mwanasheria Mkuu na ile ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma nazo hupokea wanagenzi.

Barua sasa. Wakili mmoja alituonyesha barua aliyopelekewa yenye jina la ofisi nyingine ndani yake. Kijana aliiandika mara moja, akaituma kwa barua pepe kwa watu wengi, akasahau kubadili jina. Hata zisizo na kosa hilo zilikuwa ni zile zile: kila mmoja ni "mwenye bidii," kila mmoja "apenda haki tangu utotoni." Maneno hayo hayamdhuru mtu wala hayamfai kitu. Barua na iwe ukurasa mmoja, iseme mwandishi ni nani, kwa nini ameichagua ofisi hiyo na si ya jirani, na amefanya nini kwa mikono yake. Ikiwa alisimama katika mashindano ya mahakama ya mazoezi chuoni, aseme alitetea upande gani na juu ya jambo gani. Ikiwa kwa miaka 3 alimwekea baba yake hesabu za duka, asione haya kuliandika hilo. Wakili aliyechoka na wanagenzi wasiojua kupanga majalada ataisoma sentensi hiyo mara mbili.

Na huyo kijana atajuaje habari za ofisi hata aseme ameichagua? Jambo hili ni jepesi kuliko wengi wadhanivyo. Hukumu za mahakama za Kenya huchapishwa katika mtandao wa Kenya Law, na husomwa bila malipo. Katika hukumu nyingi huandikwa majina ya mawakili waliosimama kwa kila upande. Basi kijana na atafute jina la wakili anayemwendea, asome hukumu mbili tatu alizosimama, ajue aliyeshinda na sababu yake. Ni kazi ya jioni moja tu, lakini twaambiwa kwamba waifanyao ni wachache mno.

Siku ya mahojiano huulizwa maswali ambayo hayamo katika daftari za chuo. Wakili mmoja wa hapa hupenda kuuliza hivi: "Amekuja mama, mumewe amekufa, nyumba ya Kibokoni i kwa jina la marehemu, na ndugu wa marehemu wataka kuiuza. Utaanzaje?" Wengi huruka wakaanza kutaja vifungu. Aliyempendeza wakili huyo alikuwa binti mmoja aliyejibu kwamba angeanza kwa kuuliza: cheti cha kifo kiko wapi, hati ya nyumba i mikononi mwa nani, warithi ni wangapi, je, wote ni Waislamu, na je, kuna shauri lililokwisha kufunguliwa? Alijua kwamba tangu marekebisho ya mwaka 1990 Sheria ya Mirathi huiacha mali ya Mwislamu aliyekufa igawanywe kwa sheria ya Kiislamu. Alijua pia kwamba kifungu cha 170 cha Katiba ya mwaka 2010 huzipa mahakama za Kadhi mambo ya ndoa, talaka na mirathi pale tu wahusika wote wawapo Waislamu, nao wakubali kuhukumiwa huko. Lakini hayo aliyasema baadaye. Maswali yalitangulia.

Kisha akaambiwa amweleze mama huyo kwa Kiswahili hati ya kiapo ni nini. Hapo ndipo vijana wengi waliosoma kwa Kiingereza tangu shule ya msingi hukwama. Mahojiano yenyewe aghlabu huwa kwa Kiingereza, na ni lazima kijana akiseme vizuri, lakini wenye mashauri waingiao ofisi za Mombasa, Malindi na Lamu husema Kiswahili. Na ajizoeze nyumbani kwa kumweleza bibi yake.

Swali tulionalo zito kuliko yote ni la siri. Mji wetu ni mdogo, na watu wake ni ndugu, wakwe na majirani. Kijana huulizwa, "Ukifungua jalada ukaona anayeshtakiwa ni mjomba wako, utafanyaje?" Mmoja alijibu kwamba atamshauri mjomba wapatane, akidhani amejibu kwa hekima. Hakupokewa. Jawabu ni kulifunga jalada pale pale na kumwarifu wakili, wala asimwambie mjomba hata neno moja. Sheria ya Ushahidi huilinda siri ya mwenye shauri na wakili wake, na ulinzi huo humfunga hata karani na mkalimani wa ofisi, sembuse mwanagenzi. Hapa wazazi nao wana lao. Mama asimhoji mtoto wakati wa chakula cha usiku nani alikuja ofisini leo. Nyumba isiyoweza kustahimili kutojua habari za watu itamharibia mtoto kazi yake kabla hajaapishwa.

Lipo pia jambo la mzee mwenye kujuana na wakubwa. Mzee kumjulisha mwanawe kwa wakili si vibaya. Ni desturi yetu. Vibaya ni kwenda naye ndani, akakaa kitini, akajibu maswali kwa niaba yake. Tumesikia ya mzee mmoja aliyefanya hivyo, na wakili akasema kwa upole, "Mzee wangu, nikikuhitaji wewe nitakuandikia barua." Na vibaya zaidi ni kumtafuta wakili atakayetia sahihi kwamba kijana alitumika miezi 6 na hali hakutumika hata siku 6. Huo ni uongo wa maandishi, na kiapo cha uwakili hakijengwi juu yake.

Kijana asiyejua jawabu na aseme hajui, kisha aseme angelitafuta wapi. Mavazi na yawe safi na ya heshima. Binti avaaye hijabu asidhani yatakiwa aivue: kifungu cha 27 cha Katiba hakiruhusu mtu kubaguliwa kwa dini wala kwa vazi. Mwenye kutaka ruhusa ya swala ya Ijumaa aiombe waziwazi atakapopokewa, asije akawa anatoroka kila wiki.

Mwisho wa mahojiano aulizwapo kama ana swali, asiseme hana. Aulize atafanya kazi chini ya nani, na atapelekwa mahakamani au atakaa na majalada tu. Aulize pia juu ya posho, kwa adabu lakini bila kuzunguka, kwa sababu ofisi nyingi hutoa nauli tu, na nyingine hazitoi kitu. Akirudi nyumbani na jawabu hilo, baba na mama wakae naye wapige hesabu ya nauli, chakula, viatu na suti kwa miezi yote 6, na kama ni Nairobi, kodi ya chumba pia, kabla hajaandika barua ya kukubali.