Siku Moja Kando ya Mto Karura

Wako watu wengi mjini Nairobi ambao, wakipata siku ya mapumziko, huona heri walale mpaka jua la utosi, ama wazunguke madukani wakitazama vitu wasivyoweza kununua. Kumbe mwendo mfupi tu kutoka katikati ya mji upo msitu wenye mto, hewa safi na kivuli cha kuwatosha wote. Jumamosi moja tuliondoka nyumbani saa mbili asubuhi, mimi, mama watoto, watoto wetu wawili na baba yangu mzee, tukaenda kutembea Karura.

Msitu huu ulitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1932, na ukubwa wake ni kama hekta 1,000. Langoni askari alitazama ndani ya kikapu chetu, maana tangu tarehe 5 Juni 2020 ni marufuku kuingia na chupa za plastiki za kutumiwa mara moja katika misitu na mbuga zilizohifadhiwa. Sisi tulikuwa na chupa ya chai, maji katika kibuyu, viazi vya kuchemsha, mayai, ndizi na mandazi.

Tulitembea polepole, kwani mzee hana haraka na watoto husimama kila hatua. Kwanza tulipita katikati ya mikaratusi mirefu, iliyopandwa zamani kwa ajili ya kuni za gari moshi. Kisha tukaingia penye miti ya asili, ambapo muhugu na miti mingine imeshikana hata jua laonekana vipande vipande ardhini. Juu tuliwaona mbega, weusi kwa weupe, waliorudishwa msituni humu katika miaka ya 2010.

Tulipokaribia mto tuliyasikia maporomoko kabla ya kuyaona. Karibu nayo yapo mapango ambamo wapiganaji wa Mau Mau walijificha wakati wa Hali ya Hatari, katika miaka ya 1950. Watoto walichungulia ndani, wakanyamaza ghafula bila kuambiwa.

Tukatandika shuka tukala. Kima mmoja, mwizi hodari, alishuka mtini akanyakua andazi mkononi mwa binti yangu. Alitaka kulia, lakini babu yake alicheka mpaka machozi yakamtoka, naye akacheka pia.

Baada ya chai mzee alisema, "Zamani nisingethubutu kukaa hapa. Msitu huu ulikuwa maficho ya wanyang'anyi."

Binti yangu akauliza, "Babu, msitu huu ni wa nani?"

Swali hilo lilikaribia kupata jibu baya. Katika miaka ya 1990 sehemu za Karura ziligawanywa kwa siri kwa watu wenye nguvu ili wajenge majumba. Tarehe 8 Januari 1999 Profesa Wangari Maathai na wenzake walikwenda kupanda mti, wakashambuliwa na kundi la watu wenye silaha, naye akapasuliwa kichwa. Alipoandikisha shtaka kwa polisi, alitia sahihi kwa damu yake. Wanafunzi na raia wengine waliungana naye, na mwezi wa Agosti mwaka ule Rais Moi akatangaza kuwa ugawaji wa ardhi ya umma umesimamishwa. Mwaka 2004 mama huyo alipewa Nishani ya Nobel ya Amani. Kisha, tangu 2009, wakazi wa jirani walishirikiana na idara ya misitu, ua wa umeme ukajengwa, na wanyang'anyi wakakosa maficho.

Mzee alimjibu mjukuu wake kwa ufupi: "Ni wako. Ndiyo maana utaokota maganda yako yote kabla ya kuondoka." Akaokota kila ganda la yai na la ndizi, hata yale yasiyokuwa yake.

Ndugu msomaji, mali ya umma huibwa upesi pale wenyewe wasipofika kuitazama. Basi siku moja ya mapumziko, chukua jamaa zako na kikapu cha chakula, mwende mkaketi kando ya mto ule. Mtarudi mmechoka miguu, lakini mioyo yenu itakuwa imepumzika, na watoto wenu watakuwa wamekijua kilicho chao.