PIN, Meseji ama Kidole: Uchague Njia Gani ya Kuingia Kwenye Akaunti Yako?

Bonasi ya majani chai ikikaribia, kawaida mwezi wa Oktoba, wateja wetu wa Kisii na Nyamira huwa na swali moja kubwa: pesa ikishaingia kwa akaunti, nani mwingine anaweza kuifikia? Jibu linategemea kitu ambacho wengi wetu huchagua haraka haraka siku ya kujisajili, yaani njia ya kuthibitisha kwamba anayefungua akaunti ni wewe.

Tangu M-Pesa ianze hapa Kenya mnamo Machi 2007, tumezoea PIN ya tarakimu nne, basi. Lakini siku hizi akaunti ya pesa inafunguliwa pia kwa wavuti na kwa programu ya simu, na huko unaulizwa mengi: nenosiri, nambari inayotumwa kwa meseji, alama ya kidole. Si usumbufu wa bure. PIN na nenosiri zinathibitisha kile unachojua. Meseji inathibitisha kwamba laini iko mkononi mwako. Kidole kinathibitisha kwamba ni wewe mwenyewe, ama tuseme kinadai hivyo, tutafika hapo.

Mbona PIN peke yake haitoshi kwa wavuti?

Tarakimu nne zinatoa michanganyiko 10,000. Kwa simu inatosha, kwa sababu mwizi lazima kwanza awe na laini yako, na akikosea mara chache PIN inafungwa. Kwa wavuti, mtu anaweza kujaribu akiwa popote duniani, tena kwa kompyuta isiyochoka. Ndiyo maana huko tunakuomba nenosiri refu. Tukiwa hapo, hizo tarakimu nne zina kisa chake. John Shepherd-Barron, aliyebuni mashine ya kutoa pesa ambayo benki ya Barclays ilizindua London mwaka wa 1967, alisimulia kwamba yeye alitaka sita, lakini mkewe akamwambia anaweza kukumbuka nne tu. Yakaishia hapo.

Na tafadhali, usitumie mwaka wako wa kuzaliwa. Kitambulisho chako kimeshaonwa na watu wangapi?

Meseji ni nzuri, lakini linda laini

Nambari ya meseji ina faida kubwa: inafika hata kwa kabambe, na haihitaji bundles. Kwa wateja wetu wengi, nenosiri pamoja na meseji ndiyo njia tunayopendekeza. Shida iko mahali pawili.

Ya kwanza ni mdomo wetu. Mtu anakupigia, anakuamkia "bwakire buya" kama jirani kabisa, anakwambia bonasi yako imekwama na anahitaji nambari iliyoingia kwa simu yako sasa hivi ili aifungue. Hiyo nambari imetumwa kwa sababu yeye mwenyewe, dakika hiyo hiyo, anajaribu kuingia kwenye akaunti yako. Ukimsomea, umemfungulia mlango. Mfanyakazi wetu hana haja nayo hata kidogo, kwa hivyo akiitisha mtu yeyote, jua ni mwizi, hata akijua jina lako lote na kiwanda unachopeleka majani.

Ya pili ni kubadilishiwa laini. Hapa mwizi hakuulizi kitu. Anatumia jina na nambari yako ya kitambulisho kudai kwamba laini imepotea, anapata kadi mpya, na kuanzia hapo meseji zako zote zinaenda kwake. Dalili ni simu yako kupoteza mtandao ghafla. Sasa, sisi tunajua milima yetu. Ukiwa upande wa Manga, mtandao kupotea si habari. Kwa hivyo angalia wa karibu nawe wanaotumia mtandao mmoja na wewe. Kama wao wanapiga simu vizuri na wewe huna hata mstari mmoja, na ukizima na kuwasha simu bado, usingoje hadi jioni. Azima simu, pigia mtoa huduma wa laini yako, kisha utupigie sisi tufunge akaunti kwa muda. Wanaotumia Safaricom wanaweza kujikinga mapema kwa kupiga *100*100#, ili laini isibadilishwe kiholela.

Kidole ni cha nani?

Wengi wanadhani kidole ndicho kinga ya mwisho. Ni rahisi kweli, na hakuna anayeweza kukichungulia ukiwa kwa foleni ya wakala. Tena picha ya kidole chako haiji kwetu, inabaki ndani ya simu. Simu inatuambia tu "ndiyo" ama "hapana".

Hapo hapo ndipo kuna jambo. Simu inakubali kidole chochote kilichosajiliwa ndani yake. Kama kijana wako aliongeza chake ili acheze gemu, basi huenda kidole chake pia kinafungua pesa za karo. Hatusemi ni mwizi! Lakini ingia kwenye mipangilio ya simu leo uhesabu vidole vilivyomo. Kama simu ni ya nyumba nzima, na nyumba nyingi ni hivyo, heri nenosiri ambalo ni lako peke yako.

Halafu kuna mikono ya kazi. Anayesugua mawe ya sabuni kule Tabaka kwa msasa kila siku, ama anayelima, alama za vidole vyake huisha. Katika uchaguzi wa 2022 kuna wapiga kura ambao mashine za KIEMS zilishindwa kusoma vidole vyao, na ilibidi watambuliwe kwa njia nyingine. Simu nayo itakusumbua vivyo hivyo, kwa hivyo usitegemee kidole pekee.

Kwa mwenye biashara anayepokea pesa nyingi, tuseme unauza ndizi kwa jumla pale Daraja Mbili na una smartphone, kuna njia tunayoipenda kuliko meseji: programu kama Google Authenticator. Inatengeneza nambari mpya kila sekunde 30 ndani ya simu yenyewe, hata bila mtandao, na mwizi akibadilisha laini yako hapati kitu. Bado unaweza kudanganywa uisome kwa simu, hilo halijabadilika. Na simu ikipotea, nambari zinaweza kupotea nayo. Kwa hivyo siku ya kuiweka utapewa nambari za akiba. Ziandike kwa karatasi na uziweke pamoja na hati ya shamba, si ndani ya simu hiyo hiyo.

Ukiingia kwenye akaunti ukiwa saiba, usikubali kompyuta ihifadhi nenosiri lako, na kabla hujainuka bonyeza "Ondoka". Kufunga ukurasa tu hakutoshi, maana mara nyingi anayeketi baada yako akiufungua tena atakuta bado uko ndani.