Mke Anapoamka Amechoka Kabla ya Hedhi

  

Alitujia ndugu mmoja baada ya sala ya Isha akitaka tumwandikie talaka. Mkewe, alidai, kila mwezi hugeuka mtu mwingine: hulala mapema, huamka amechoka, hulia bila sababu, na neno dogo humchoma. Yeye aliita hali hiyo utovu wa adabu. Tukamtaka kwanza aandike tarehe za ugomvi wao kwa miezi mitatu. Aliporejea na karatasi yake, karibu magomvi yote yaliangukia wiki moja kabla ya hedhi.

Hali hiyo si ngeni kwa matabibu. Robert Frank wa Marekani aliiandikia mwaka 1931, na mwaka 1953 Raymond Greene na Katharina Dalton wa Uingereza wakaieleza kwa jina ambalo madaktari hulitumia hadi leo. Wasichokijua wengi wetu ni habari ya usiku.

Allah (S.W.) ametufahamisha katika Surat An-Nabaa kuwa ameufanya usingizi kuwa mapumziko. Moyo, pumzi na joto la mwili huendeshwa na mishipa ya fahamu isiyongoja amri yetu, nayo ina matawi mawili: moja huamsha, jingine hutuliza. Katika usingizi mzito tawi la kutuliza hushika hatamu, na moyo hupiga polepole. Lakini yai likishapevuka, homoni ya projesteroni huongezeka, joto hupanda kwa takriban nyuzi 0.3 hadi 0.5, tawi la kutuliza hulegea, na moyo huenda mbio kidogo hata usingizini. Hilo huwapata hata wenye siha. Mwaka 2007 Tamaki Matsumoto na wenzake wa Japani walichapisha vipimo vya wanawake waliopumzika: kwa wenye dalili, tawi hilo lilidhoofika hedhi ilipokaribia, na kwa waliotaabika zaidi, lilikuwa dhaifu hata katika siku nyingine.

Ajabu ni kuwa vyombo vya kupimia usingizi mara nyingi havioni tofauti kubwa, ilhali mwanamke mwenyewe asema hakulala vizuri. Basi mume asimkanushe kwa hoja kwamba alimsikia akikoroma.

Turudi kwenye talaka. Abdullah bin Umar (R.A.) alipomwacha mkewe akiwa katika hedhi, Mtume (S.A.W.) aliamuru amrejee na asubiri. Talaka ya sunna hutolewa katika twahara ambayo mume hajamkaribia mkewe. Kwa wanandoa wengi, basi, nafasi hiyo huwa ni siku za mwanzo baada ya kuoga, ambapo dalili hizi zimekwisha. Hatusemi kuwa hiyo ndiyo illa ya hukumu. Twasema tu kwamba anayefuata sunna ni nadra kutamka talaka katika wiki ile ya dhiki.

Mwanamke naye ajue kuwa udhuru wa sala huanza na damu, si na maumivu yanayoitangulia. Akishindwa kusimama, ataswali ameketi.

Bi Aisha (R.A.) alipatwa na hedhi safarini Hija, akalia. Mtume (S.A.W.) alimkuta katika hali hiyo, akamuuliza, akamwambia kuwa hilo ni jambo Allah alilowaandikia mabinti wa Adam, kisha akamweleza amali anazoweza kuendelea nazo. Hakumkemea kwa machozi yake.

Dalili zikizidi hadi mwanamke akatamani kufa, apelekwe kwa daktari upesi. Matibabu yapo, wala si udhaifu wa imani kuyatafuta.

Ndugu yule hakuandikiwa talaka. Alifuatana na mkewe hospitali, akachukua na ile karatasi ya tarehe. Daktari, kwa alivyotusimulia, aliiomba abaki nayo.