Saidia Fundi Akiugua, Nani Atamlipa?

Juma hili tuwazungumzie watu wanaotujengea nyumba.

Mwezi wa tano mwaka 2020 nilipita Shanwe, hapa Mpanda, penye nyumba iliyokuwa ikijengwa. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limekwisha itangaza korona kuwa janga la dunia tangu Machi 11. Mlangoni palikuwa na ndoo ya maji yenye koki, na sabuni. Nikawasifu redioni. Leo nakiri kwamba sifa ile niliitoa haraka mno.

Kunawa mikono ni jambo jema, na kipindupindu hatujakisahau. Lakini korona husafiri zaidi kwa hewa. Anayechanganya zege nje, penye upepo, hatari yake ni ndogo. Hatari ilikuwa ndani: mafundi wanne wakipiga lipu chumba kimoja, madirisha yamezibwa kwa mabati ili vifaa visiibwe. Wanahema kwa nguvu, wanapaza sauti ili wasikilizane, na barakoa zao za kitambaa zimelowa jasho, zimeshushwa kidevuni. Kumbe kinga ya kwanza haikuwa na gharama: kuyabandua mabati yale asubuhi, mafundi kupangwa wawili wawili, na chakula kuliwa nje. Kikombe nacho kila mtu awe na chake. Pale kopo lilikuwa moja.

Jambo la pili ni gumu zaidi. Kijana mmoja, saidia fundi, alikuwa akikohoa. Vumbi la saruji nalo hukohoza, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Nikamwuliza mbona hakupumzika. Akacheka: "Kaka, nikilala leo, leo sili."

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi mwenye cheti cha daktari siku 126 za ugonjwa katika miezi 36: 63 kwa mshahara kamili, 63 kwa nusu. Lakini asiyetimiza miezi sita kazini hapati, ila akiwa wa msimu, au akiwa amerudi kwa mwajiri yule yule mpaka jumla ikapita miezi sita katika mwaka. Saidia fundi gani wa Mpanda amekaa na tajiri mmoja muda huo?

Nikamwuliza mwenye nyumba. Akasema mwajiri ni fundi mkuu. Fundi mkuu akasema mwajiri ni mwenye nyumba. Tulipomgeukia kijana, alikuwa amekwisha rudi ndani na karai lake.